Ukuta mmoja wa rangi sebuleni: rangi ya maji, chokaa, karatasi ya ukutani au kanga kwenye fremu?

Sebule nyingi za kwetu zimepakwa krimu kutoka mlangoni hadi dirishani, dari nyeupe, kochi la kahawia, basi. Siku mwenye nyumba anapotamani uchangamfu, hukimbilia kadi ya rangi dukani. Hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu rangi ndiyo inayotakiwa kuamuliwa mwisho. Kinachotangulia ni ukuta: umejengwa kwa nini, unavuta maji kiasi gani, jua linaufikia saa ngapi, na nyumba ni yako au umepanga.

Tuchukue ukuta mmoja tu, ule unaomlaki mgeni akifungua mlango. Upana wake mita 3.6, kimo mita 2.7, yaani mita za mraba 9.72. Njia zote nne tutazipima kwenye ukuta huohuo ili hesabu zisipishane.

Majaribio mawili kabla hujanunua chochote

Kata nailoni ngumu ya sentimita 50 kwa 50. Ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiasi cha sentimita 30 juu ya sakafu, na uiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa nyuma, unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: msingi haukuwekewa kizuia unyevu, au kuna bomba linavuja, au bafu liko upande wa pili. Matone yakiwa upande wa mbele, huo ni unyevu wa hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa.

Jaribio la pili halichukui hata dakika mbili. Nyunyizia ukuta maji kidogo. Ukiyanywa na kuiva rangi ndani ya dakika moja, una plasta tupu au chokaa. Yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, kuna rangi ya plastiki (ndiyo rangi ya maji ya dukani) au ya mafuta, na chokaa haitashika hapo hata ukiipaka mara kumi.

Kwa nyumba za karibu na bahari kuna jambo la tatu, chumvi. Unga mweupe unaochipuka ukutani mara nyingi hutokana na mchanga wa pwani uliotumika kwenye plasta bila kuoshwa, au na maji yanayopanda kutoka ardhini yakibeba chumvi. Usiuoshe. Maji huiyeyusha chumvi ile na kuirudisha ndani, nayo hutoka tena ukuta ukikauka. Ipanguse kwa brashi kavu, ikusanye kwenye gazeti, uitupe nje. Rudia kila wiki hadi ipungue, ndipo ufikirie rangi.

Kuhusu jua, tahadhari na ushauri uliotoka Ulaya. Kule chumba kinachotazama kusini ndicho chenye jua, na cha kaskazini ndicho baridi. Kwetu, karibu na ikweta, kanuni hiyo haifanyi kazi. Dar es Salaam jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Linaloingia ndani ni la asubuhi kupitia dirisha la mashariki na la jioni kupitia la magharibi. Dirisha la kaskazini huonja jua mnamo Juni, la kusini mnamo Desemba. Ukuta unaopigwa na jua la magharibi ukiupaka rangi ya chungwa au nyekundu, saa kumi na moja jioni chumba kizima kinakuwa kama tanuri. Upe rangi ya nili, feruzi au kijani cha jani la mgomba. Manjano ya bizari na rangi ya chungwa zipeleke kwenye ukuta usiofikiwa na jua la moja kwa moja, ambako zinafanya kazi ya taa.

Rangi ya maji

Hii ndiyo njia ya wengi. Duka lenye mashine ya kuchanganyia litakupa karibu rangi yoyote unayoitaka, kazi ni ya siku mbili, na kosa linarekebishika. Inafaa zaidi nyumba ya tofali za saruji ambayo plasta yake imekauka.

Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, juu ya ukuta laini. Juu ya plasta tupu yenye mchanga inaweza kushuka hadi 6. Kwa ukuta wetu unahitaji lita moja na nusu ya praima, ile rangi ya chini inayotangulia, na lita 2 hadi 2.5 za rangi kwa mikono miwili. Nunua galoni ya lita 4. Itakayobaki funga vizuri, na uandike juu ya kopo namba ya mchanganyiko, tarehe na jina la chumba, maana mwakani utataka kuziba alama za kiti.

Manjano, chungwa na nyekundu kali hazifuniki vizuri. Chembe zake za rangi hupitisha mwanga, kwa hiyo mikono miwili haitoshi, na ukutani yanabaki mawingu. Chini ya nyekundu au damu ya mzee, praima itiwe kijivu. Chini ya manjano iwe nyeupe safi. Hata hivyo jiandae kwa mkono wa tatu.

Plasta mpya ya saruji isubiri siku 28, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Saruji mbichi ina ukali wa magadi unaokula baadhi ya rangi na kuacha mabaka yaliyofifia. Rangi ya mafuta inapata tabu zaidi: mafuta yake hugeuka kama sabuni na kubanduka.

Kazi yenyewe ifuate mpangilio huu. Fungua vifuniko vya swichi na soketi baada ya kuzima umeme kwenye kibao kikuu. Osha ukuta, uache ukauke, ziba nyufa kwa pati, piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Paka praima. Siku ya rangi, zima feni. Hili mafundi wengi hawalijali: wanazungushia pembe zote nne kwa brashi, feni inawapuliza, na rola inapofika brashi imeshakauka. Matokeo yake ni fremu ya mstari mweusi kuzunguka ukuta mzima. Zungushia pembe kwa mita moja tu, pitisha rola hapohapo ingali mbichi, kisha songa mbele mita nyingine.

Kosa jingine ni maji. Fundi akitaka ndoo imfikishe mbali huongeza maji hadi rangi iwe kama maziwa ya chai. Kwa mikono ya mwisho, maji kwa kawaida yasizidi asilimia 10, soma kopo. Rangi iliyozidishwa maji inafutika kwa kidole.

Kuhusu mng'aro: isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta lakini hushika alama za mikono, na ikiwa ya giza, kila unapoisugua inabaki alama yenye kung'aa. Ya silki, yenye mng'aro kidogo, inafutika vizuri, ila mwanga wa dirisha ukiipiga kwa ubavu utaliona kila pigo la mwiko. Ukuta ukiwa na mawimbi, chagua isiyong'aa.

Ubunifu hauko kwenye kupaka ukuta wote rangi moja. Gawa ukuta kwenye sentimita 110 kutoka sakafuni. Chini paka nili au damu ya mzee, sehemu inayoguswa na viti na watoto. Juu paka rangi ya samli. Katikati pitisha mkanda wa mchoro kama pindo la kanga, kwa kiolezo. Mchoro wa korosho wa sentimita 22 unakaa vizuri, ila usianze kuchapa kabla ya hesabu: 360 kugawa kwa 22 ni 16 na vipande, kwa hiyo korosho ya mwisho itakatika kwenye kona, na ndipo jicho linapotua. Weka korosho 16, kila moja ianze sentimita 22.5 baada ya mwenzake, mkanda uishe sawasawa.

Kiolezo kikatwe kwenye plastiki ngumu, kama ile ya jalada la ripoti, kwa wembe mpya. Chovya ncha ya brashi fupi, kisha ipigepige kwenye gazeti hadi ionekane karibu kavu. Brashi ikiwa na rangi nyingi, rangi inapenya chini ya kiolezo na korosho inaota ndevu. Gonga wima, usivute.

Chokaa ya rangi

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ni kuta zinazopumua: maji huingia, maji hutoka. Ukizifunika kwa rangi ya plastiki, maji yanayotoka ndani hayana njia, yanasukuma, na baada ya masika moja rangi inatoa malengelenge, kisha inabanduka na vipande vya plasta. Saruji juu ya matumbawe ina madhara hayohayo kwa kishindo zaidi. Kwa nyumba za namna hii chokaa ndilo jibu, na zile zilizo ndani ya maeneo ya hifadhi zisiguswe bila kuuliza mamlaka ya mji kwanza. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001.

Uzuri wake hauigiki. Chokaa haikai juu ya ukuta kama ngozi ya plastiki. Inavuta hewa ya ukaa na kugeuka jiwe tena, jiwe lilelile lililochomwa tanuruni. Ndiyo maana inakuwa na kina, sehemu imekolea, sehemu imefifia, na mwanga wa asubuhi unaipitia kwa upole. Anayetaka ukuta wa rangi moja iliyonyooka kama karatasi asiichague, ataona madoa kila siku.

Kwa ukuta wetu chukua kilo 3 za chokaa kavu iliyokwisha zimwa (ile ya unga, isiyochemka tena ikitiwa maji) na lita 7 za maji. Koroga, funika, iache ilale angalau siku moja. Wiki mbili ni bora zaidi. Chuja kwa kitambaa. Iwe nyepesi kama maziwa. Rangi ya unga isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa kavu, yaani gramu 300. Ukizidisha, chokaa haina nguvu ya kuishika yote na ukuta utawapaka wageni migongo.

Si kila unga wa rangi unavumilia chokaa. Ile oksaidi ya chuma inayouzwa kwa ajili ya sakafu za saruji nyekundu, pamoja na ndugu zake wa manjano, kahawia na mweusi, haina shida. Oksaidi ya kromi kwa kijani inafaa. Bluu ndiyo yenye mitego. Bluu ya kufulia ya asili, ile ya altramarini, hukaa vizuri kwenye chokaa na ndiyo iliyotumika miaka mingi kuifanya iwe samawati au kuikoleza weupe. Lakini nyingine zinazouzwa kwa kazi hiyohiyo leo ni rangi za kuyeyuka majini tu, zinakufa kwa ukali wa chokaa. Changanya kijiko kimoja na chokaa kwenye chupa, iache siku tatu. Ikibaki bluu, endelea.

Loweka unga wa rangi kwenye maji ya moto kabla ya kuumwaga kwenye ndoo, vinginevyo vidonge vyake vitapasukia ukutani na kuacha michirizi. Lowesha ukuta kwa pampu ya kunyunyizia mpaka uwe na unyevu bila maji kutiririka. Paka kwa brashi pana kwa mapigo ya kupishana, nyembamba sana, mkono wa kwanza hutauona vizuri na ndivyo inavyotakiwa. Subiri siku moja, lowesha, paka tena. Mikono minne. Chokaa ikiwa mbichi inaonekana imekolea mno. Ikikauka inafifia sana, kwa hiyo usihukumu siku hiyo.

Ukuta ukikauka haraka mno, kwa jua la dirisha au kwa upepo wa kaskazi, chokaa haipati muda wa kugeuka jiwe, nayo inabaki unga. Funga mapazia, nyunyizia maji kidogo jioni. Wako wanaotia chumvi ili ishike unyevu. Bara huenda ikasaidia. Pwani usiitie, hewa ina unyevu wa kutosha na chumvi itaufanya ukuta utoke jasho.

Vaa glavu na miwani ya kazi. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza: osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 na uende hospitali, usingoje uone kama itapoa.

Karatasi ya ukutani

Madukani inaitwa wolpepa. Ndiyo inayokupa maua makubwa, majani ya migomba, ndege na michoro ya kijiometri bila kuwa na mkono wa msanii. Nairobi, Arusha au Iringa, chumba cha ghorofani chenye ukuta mkavu, ni chaguo zuri. Pwani, nyumba ya chini, sishauri. Karatasi ya vinili ni nailoni iliyochapwa maua: unyevu wa ukuta unanaswa nyuma, gundi inakuwa chakula, na koga jeusi linaota mahali usipopaona mpaka harufu ikuambie. Kama jaribio la nailoni lilionyesha matone ya nyuma, ruka sehemu hii kabisa.

Kosa kubwa liko kwenye idadi ya rola. Rola ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, na muuzaji atakwambia inafunika mita za mraba 5.3. Utagawa 9.72 kwa 5.3, upate 1.83, ununue mbili. Zitakupungukia. Hesabu vipande, usihesabu eneo. Ukuta wa sentimita 360 unataka vipande 7 vya sentimita 53. Kila kipande ni mita 2.7 na sentimita 10 za kupunguza juu na chini, yaani 2.8, kwa hiyo rola moja inatoa vipande 3 na mabaki. Rola mbili ni vipande 6, vinavyofika sentimita 318, na sentimita 42 za ukuta zinabaki uchi. Unahitaji rola 3.

Mchoro mkubwa unakula zaidi. Ukijirudia kila sentimita 64 na dari yako ni ya mita 3.2, kila kipande kinapanda hadi mita 3.84 ili michoro ikutane, rola inatoa vipande viwili tu, na sasa unahitaji rola 4. Angalia namba ya toleo kwenye kila rola, zote zifanane. Toleo tofauti huwa na rangi iliyopishana kidogo, na ukutani upishano huo unaonekana kama kiraka.

Kipande cha kwanza kifuate timazi, si kona. Kona za nyumba nyingi haziko wima, na kipande cha kwanza kikilala kidogo, cha saba kitakuwa kimelala vibaya. Ukuta uwe laini kabisa, umepigwa msasa, na umepakwa gundi nyepesi siku moja kabla ili usiinyonye gundi ya kazi.

Zile za kujibandika zenye sponji, mfano wa tofali, za sentimita 70 kwa 77, zimeenea sana kwa sababu hazihitaji fundi. Ukuta huu unakula karibu 20. Zinashika vizuri mwezi wa kwanza, kisha kona zinaanza kuinuka, na siku ya kuzitoa zinaondoka na rangi ya chini. Zisiwekwe jikoni wala karibu na jiko la gesi, sponji hiyo ikishika moto inatoa moshi mbaya.

Kanga kwenye fremu

Hapa ndipo penye utajiri wetu wenyewe. Kanga, au leso kwa watu wa Mombasa, ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyo juu ya pindo la chini. Ukubwa wake ni karibu sentimita 150 kwa 110, na inauzwa kwa doti, mbili zilizofanana. Tazama jinsi inavyolingana na ukuta wetu: fremu mbili za sentimita 150 zikikaa kando kwa kando na nafasi ya sentimita 20 katikati, ni sentimita 320, zinabaki 20 kila upande. Doti moja, fremu mbili, ukuta umejaa. Mgongo wa kochi una sentimita 90. Ongeza 20 za nafasi, kanga inaanza kwenye 110 na kuishia 220, juu inabaki nusu mita ya kupumua.

Ilazwe kwa upana. Ukiisimamisha, jina linasomeka kwa shingo iliyopinda. Na lichague jina kwa makini, litamlaki kila anayeingia. Kanga ya mafumbo ya kuchokozana na jirani si ya ukuta wa sebule. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" haitamuudhi mtu.

Kosa linaloharibu kanga nyingi ni kukunja pindo nyuma ya fremu. Fundi wa fremu anahitaji sentimita 8 hivi za kukunja, na pindo lenyewe ni sentimita 15 au karibu yake. Ukikunja, unabaki na mji na ukingo uliokatwa katikati. Shona kwanza vipande vya marikani vya upana wa sentimita 10 kuzunguka pande zote nne, kisha marikani ndiyo ikunjwe na kupigwa stepla. Pindo lote linabaki mbele.

Kabla ya kushona, fua kanga mara moja kwa maji baridi na kijiko cha chumvi, uianike kivulini. Ina wanga wa kiwandani, na ikifuliwa hurudi kidogo. Ukiitandaza bila kuifua, unyevu wa kwanza utailegeza na italegea katikati kama chandarua. Ipige pasi, kisha upime upya. Kanga nyingi zimechapwa zikiwa zimepinda kidogo, mchoro haufuati uzi. Fremu ifuate mchoro, kwa sababu jicho linaona pindo, halioni uzi.

Mbao: paini kavu ya inchi 2 kwa 1. Kila fremu ina vipande viwili vya mita 1.5, viwili vya 1.1, na kimoja cha 1.1 cha kukaza katikati. Mbao ya futi 12 (mita 3.66) inatoa vipande viwili vya 1.5 au vitatu vya 1.1. Kwa fremu mbili ni mbao nne kamili. Zipakwe dawa ya wadudu na ziachwe zikauke wiki moja, kwa sababu dawa ikiwa mbichi inatoa doa la manjano kwenye kitambaa. Kaza kona kwa pembetatu za plaiwudi kwa nyuma. Stepla ianzie katikati ya kila upande, upande wa pili mkabala, kisha ukielekea kwenye kona. Ukianzia kona, kitambaa kitakunjamana na hakuna namna ya kukinyoosha.

Gundisha vipande vya mpira vya sentimita moja nyuma ya kila kona ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Jua la moja kwa moja ni adui. Kanga iliyoning'inia mkabala na dirisha la magharibi hufifia ndani ya mwaka. Kitenge huvumilia zaidi, lakini kufunika nacho ukuta mzima kuna hesabu yake: kina upana wa inchi 45, vipande vinne vinatakiwa, na pisi mbili za yadi sita zinatoa mita 2.74 kwa kila kipande. Kwa dari ya 2.7 unabakiwa na sentimita 4 za kukunja na hakuna nafasi ya kulinganisha mchoro. Nunua pisi tatu, au uridhike na fremu.

Ukuta uleule, kwa mkato

| | Rangi ya maji | Chokaa | Karatasi | Kanga |
|---|---|---|---|---|
| Vifaa vikuu | praima lita 1.5, rangi lita 2.5 | chokaa kilo 3, rangi ya unga gramu 300 | rola 3 na gundi | doti 1, mbao 4, marikani |
| Muda | siku 2 | siku 5 na kulowekwa | siku 2 | siku 2 na mbao kukauka |
| Ukuta wenye unyevu | itabanduka | inafaa | hapana kabisa | inawezekana, kwa nafasi nyuma |
| Kufutika | vizuri ikiwa ya silki | hapana | vinili tu | hufuliwa |
| Nyumba ya kupanga | kwa ruhusa | hapana | hatari kwa rangi ya chini | bora |

Mwenye nyumba yake ya tofali, plasta kavu, na watoto wadogo, achukue rangi ya maji, silki chini ya ule mstari wa sentimita 110 na isiyong'aa juu. Mwenye nyumba ya mawe ya zamani asihangaike na kitu kingine: chokaa. Juu ya chokaa fremu za kanga zinakaa vizuri sana, mradi skrubu ziingie kwenye plagi ya plastiki na tundu litobolewe taratibu bila kugonga, maana matumbawe humeguka.

Ukuta wa sehemu ya kulia chakula, wenye mvuke na mafuta, una suluhisho jingine: picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968 alichora kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa juu ya ubao mgumu, na picha za namna hiyo zinapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Nne ndogo za mraba kwenye ukuta wa rangi moja iliyokolea zinatosha kuamsha chumba.

Taa nazo zina neno. Balbu nyingi madukani ni nyeupe ya 6500K, na chini yake manjano ya bizari inageuka ndimu na damu ya mzee inakuwa kama kahawia. Tafuta zenye mwanga wa manjano, zilizoandikwa 2700K au 3000K, kabla ya kulaumu rangi. Paka sampuli kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 60, iegemeze ukutani, uitazame asubuhi, saa saba na usiku taa zikiwaka. Kadi ndogo ya dukani hudanganya; rangi ikitanda ukuta mzima hukolea kuliko ilivyo kwenye kadi.

Gharama ambayo watu husahau kuilinganisha ni ya kuondoa. Rangi ya maji unaipaka juu yake nyingine, ila ya giza inataka praima tena. Chokaa unaipiga brashi ya waya ukiwa umevaa barakoa, na kama utataka rangi ya plastiki baadaye, unga wote lazima utoke. Karatasi ya vinili unaichanja, unailowesha kwa maji ya uvuguvugu na kuikwangua, siku nzima, na mara nyingi pati inatoka nayo. Kanga unaishusha, unang'oa stepla kwa bisibisi bapa na kufumua ule mshono wa marikani. Matundu ya stepla yanabaki kwenye marikani, pindo ni zima, na doti inarudi kabatini.